Kopo la Marehemu na Kondoo Mwenye Mapacha

Mpendwa Bibi wa gazetini, naomba msaada wako na usinifokee mpaka umalize kusoma, mimi ni yule fundi viatu, mke wangu alifariki miezi miwili iliyopita akaniachia kondoo wake mmoja aliyemwita Shoga, wakati huo ana mimba, na pale hospitali aliniambia, "Baba watoto, kopo moja la pumba asubuhi na moja jioni, usimpunje wala usimzidishie," basi nimeshika hivyohivyo, kopo ni lilelile la mafuta ya kupikia alilolikwaruza alama kwa msumari, sijaivuka hiyo alama hata siku moja, sasa Shoga ana wiki tatu tangu azae mapacha na amekwisha, uti wa mgongo unahesabika, watoto wakitaka kunyonya anawapiga teke, mmoja anasimama amejikunja tu, juzi binti yangu akaja na gunia la mashudu ya alizeti, nikamwambia mama yako hakusema mashudu, akalia, akasema, "Baba, utamuua kwa hilo kopo," akaondoka na simu zangu hapokei, Bibi, nikiongeza naona kama nalikataa neno la mwisho la marehemu, nifanye nini?

*

Na wewe ulikuwa wapi? Mkeo akiwa hai mwezi haukupita bila barua yenu, leo ametutoka miezi miwili ndiyo nasikia, tena kupitia kondoo! Pole, mwanangu. Pole sana. Nimesomewa barua yako mara mbili, chai ikapoa mbele yangu.

Sasa nisikilize, maana kichwa chako kigumu kuliko soli unazoshona. Mkeo alisema kweli, ila alikuwa akimzungumzia kondoo mwenye mimba. Ukimzidishia huyo, mtoto ananenepa tumboni na kuzaa kunakuwa taabu. Lakini huyu sasa ananyonyesha wawili! Maziwa unadhani yanatoka wapi? Anawakamulia mwili wake mwenyewe. Mkeo angekuwepo, angeongeza siku ileile. Hakupata muda wa kukwambia, basi.

Leo, kabla hujashika nyundo, mpapase kiwele. Kikiwa cha moto, kigumu, au maziwa yana mabonge, mwite daktari wa mifugo leo hiihii. Kikiwa laini, ni njaa. Majani mazuri asiyakose, ndoo ya maji ijae muda wote, na jiwe la chumvi alambe. Pumba ongeza kidogokidogo, wiki ikiisha awe anapata makopo manne kwa siku, moja kati ya hayo liwe la mashudu. Usimmwagie yote leo kwa majuto, atavimba tumbo utuletee msiba mwingine. Yule aliyejikunja mpe maziwa ya vuguvugu kwa chupa mpaka mama yake apate nguvu.

Kopo usibadilishe. Chota kwa hilohilo, mpaka kwenye alama yake.

Binti yako asipopokea simu, nenda kwake kwa miguu, umwambie mashudu yanahitajika. Jumamosi ya tatu kuanzia leo nitakuwa hapa ofisini kwa gazeti. Njoo naye, na wewe ukae kimya. Nataka anieleze yeye Shoga anakula nini.