Yai Chini ya Kuku wa Kauri

Kasha, Bukavu
Jumapili mchana

Kwako Yaya Bisimwa, mkubwa wangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu nyingi. Afya yako iko namna gani? Kile kikohozi cha wakati wa mvua kimekuachia? Sisi tunapumua, Mungu asifiwe. Simu yako haiiti tangu mwezi wa tatu, kwa hiyo barua hii nampa Tonton Zagabe, dereva, aliyetuambia kwamba Kalemie, kwenye parokia, aliona mtu anayefanana na wewe. Kama si wewe, huyo mtu anisamehe.

Unakumbuka kuku wa kauri wa Maman, kumi na mmoja juu ya kabati, kila mmoja ni kifuniko kilichoatamia bakuli lake. Marehemu Papa aliwatania kwamba wanakula vumbi na kutaga vumbi. Maman aliwatafuta sokoni Nyawera kwa Maman Salima, muuza vyombo vya zamani. Aligonga kifuniko kwa ukucha asikie kama kina ufa, kisha akageuza bakuli kutazama alama ya kiwanda. Kifuniko kisicho cha bakuli lake hakukitaka hata kama kilikaa sawa. Alisema kuku hapewi kiota cha mwenzake.

Tangu ulipokimbia, wamerudi kwa Maman Salima mmoja mmoja, wakageuka unga na samaki wadogo wa sambaza. Alibaki wako tu, yule mweupe mwenye kishungi chekundu kilichomeguka, na chini yake yai lako la kuchemsha. Desturi yetu unaijua: msafiri akifika anafunua kuku wake na kula yai kabla ya kusalimu mtu. Kila Jumamosi Maman aliweka jipya, lile la zamani akampa jirani, maana yai la msafiri haliliwi na mtu wa nyumbani.

Kisha Maman akaacha kuamka. Alilala akiangalia ukuta, hata jina langu hakuliita. Aliinuka kwa ajili ya yai na misa tu. Jumapili moja akarudi kutoka misa, akafunua kuku, akakuta maganda matupu. Akapiga kelele mutoto wake amefika, amekula, ameondoka kwa siri kwa sababu ya wale wanaomutafuta. Jirani yetu Maman Ghislaine akamwambia hiyo ni panya. Maman akamuuliza panya gani anamenya yai na kurudisha kifuniko.

Siku hiyo alioga, akala, akaimba. Tangu hapo Jumamosi usiku hafungi mlango, na wewe unajua mji wetu ulivyo sasa. Pia anawarudisha kuku kutoka kwa Maman Salima, ili ukija kabisa uwakute wote kwenye mstari. Mmoja alimbadilisha na kitenge chake cha misa, mwingine na sufuria kubwa. Kesho anataka kutoa mabati ya jikoni.

Yaya, ni mimi niliyekula. Sikwenda misa, nilisema kichwa kinauma. Nilikuwa sijala tangu Ijumaa. Nilikuwa nasoma mezani, mstari mmoja nikausoma mara saba, na mkono wangu ukaenda wenyewe. Nilikusudia kukiri, lakini nilipoona uso wa Maman, nikaenda kumpashia maji ya kuoga. Jumapili iliyofuata alikuta yai zima, akarudi kitandani na viatu vyake. Ndiyo maana juma lililofuata nikala tena. Leo ni la tano. Nalimeza nikilia, kama mtu anayekula ndugu yake.

Nikisema, atalala na safari hii hataamka. Nikinyamaza, mabati yataondoka na mlango utabaki wazi. Mimi hata darasani siwezi kuinua mkono. Jambo hili nitalitamka vipi?

Maman hajui kama nakuandikia, lakini salamu zake unazo. Nisalimie kila anayekupa chakula huko. Jumamosi ataweka lingine. Njoo ulile mwenyewe, yaya, ama umtumie hata neno moja. Kwangu haliingii tena kooni.

Mdogo wako,
Aimée