Haifai Kukaliwa na Binadamu

Nyumbani, Aprili 22

Mwanangu Lavelle,

Salamu nyingi. Hujambo? Kikohozi kimekwisha? Mimi sijambo, ila goti, nalo nimeshalizoea.

Barua ya kaunti imekuja. Wanasema nyumba yetu sasa ina thamani mara mbili na nusu ya mwaka jana. Hii hii, Vell, yenye paa linalovuja hadi mezani! Nilidhani wamekosea anwani. Kumbe ni hawa watu wa Dallas waliojenga majumba kando ya ziwa. Wao wanapanda, na sisi tunavutwa juu kwa nywele. Kodi ikifuata thamani hiyo, mshahara wangu wa jikoni shuleni hautoshi, na asiyelipa, nyumba yake hunadiwa kwenye ngazi za mahakama. Ya jirani yetu Bi Arzula ilikwenda hivyo, na yeye amesimama anatazama.

Bodi ya magereza imekubali utoke Septemba, mradi kwanza wakague mahali utakapoishi. Nyumba ikienda, utatoka uende wapi? Dada yako ameshasema kwake hapana. Nimekungoja miaka tisa. Niambie nifanye nini.

Mama yako


Gerezani, Mei 1

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimeniacha, nashukuru. Pole na goti.

Nimesoma sheria kwenye maktaba ya huku. Una haki ya kupinga, lakini pingamizi lifike kabla ya Mei 15. Jaza fomu leo, si kesho. Halafu utaitwa mbele ya watu watatu. Usiwaambie habari za mshahara wala habari zangu, hawasikilizi hayo. Wanasikiliza ubovu tu. Piga picha za dari, nyufa za msingi, na ile sakafu ya chumba changu. Waambie haifai kukaliwa na binadamu. Shika neno hilo hilo.

Najua Baba aliijenga kwa mikono yake. Atatusamehe.

Mwanao, Vell


Nyumbani, Juni 9

Mwanangu,

U mzima? Huku joto, hata kuku wanahema.

Pingamizi nililipeleka mapema. Basi kabla ya kikao mthamini wao akatuma habari kwamba atakuja Jumanne kuitazama nyumba. Nami nikapaka baraza rangi, nikapiga pasi mapazia, nikatandika zulia la kanisani juu ya lile shimo chumbani kwako. Nikaoka pai ya viazi vitamu. Mgeni ni mgeni, Vell. Akala vipande viwili. Akaniambia, “Bibi, nyumba hii imetunzwa kweli kweli.” Nilifurahi mpaka machozi, nikatamani baba yako Otha awepo asikie.

Leo wameandika. Thamani haipungui hata senti.

Mama yako


Gerezani, Juni 17

Shikamoo Mama. Lakini Mama! Pai?

Nilicheka, kisha nikalia, mwenzangu wa selo akadhani kuna msiba. Unamlisha mtu aliyekuja kutufukuza! Sasa nisikilize, bado kuna kikao. Na yeyote atakayekuja tena na ubao wake wa kuandikia, ondoa zulia. Mwonyeshe shimo. Usimpe hata maji ya kunywa. Sikufokei, naogopa tu. Sina mlango mwingine wa kutokea huku.

Mwanao, Vell


Nyumbani, Julai 24

Vell wangu, hujambo? Keti kwanza.

Tumeshinda!

Walikuwa watatu, mmoja anatafuna peremende. Nikawapanga picha mezani moja moja. Nikasema paa linavuja, msingi umepasuka, nyaya za umeme zimeliwa na panya. Nikasema haifai kukaliwa na binadamu. Nilikuwa kama mtu anayemsema vibaya mumewe kaburini. Yule wa peremende akauliza, “Na wewe unaishi humo?” Nikamjibu, “Naishi, lakini mimi nimezoea.” Wakaishusha thamani karibu na ya mwaka jana. Nyumba haiendi kokote!

Na juzi wakaleta bwana mwingine kuhakikisha. Alisema ametoka serikalini, amekuja kukagua nyumba. Safari hii sikuwa mjinga. Zulia nilikuwa nimelikunja zamani. Nikamtia mkono ndani ya shimo, nikamnusisha ukungu, nikamwonyesha soketi inayotoa cheche. Akaandika kurasa mbili. Wala si mtu mbaya, akauliza kama kuna bunduki ndani, na nani mwingine ataishi hapa. Nikasema mwanangu, Septemba. “Atalala wapi?” Nikampeleka chumbani kwako, nikamwambia, “Labda aning'inie kama popo!” Hakucheka. Aliniachia kadi, nikaitia ndani ya Biblia. Maji sikumpa.

Nimeanza kukununulia soksi.

Mama yako mshindi


Gerezani, Agosti 20

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti linakupa nafuu.

Hongera. Nimewasimulia wote huku jinsi ulivyowaweza. Nyumba imebaki, na hilo ndilo kubwa.

Mama, tarehe yangu ya kutoka imesogezwa mbele mwaka mmoja. Nilijibizana na askari. Unanijua mdomo wangu. Ni kosa langu, wala usiwapigie simu kuwauliza. Soksi ziweke.

Mwanao, Vell


Nyumbani, Septemba 3

Mwanangu Lavelle,

Sikuulizi hali leo, kwa sababu utanidanganya.

Nakala ya uamuzi wa bodi ya magereza imeletwa hapa, kwa kuwa anwani ni yangu. Imeandikwa: *Nyumba iliyopendekezwa haifai kukaliwa na binadamu, kwa maelezo ya mwenye nyumba mwenyewe.* Nikaenda kwenye Biblia, nikavaa miwani, nikaisoma kadi. Ofisi ya wafungwa wanaoachiliwa. Alikuwa amekuja kwa ajili yako, Vell, nami nikamtia mkono shimoni. Mungu anisamehe, nilimnyima na maji.

Hukujibizana na askari yeyote. Ulijua tangu uliposoma barua yangu ya Julai, ukanyamaza ili nisijue. Usinifanyie hivyo tena, mimi ndiye mama.

Fundi ameanza sakafu leo. Nimemlipa kwa zile fedha nilizoweka za kodi, na ya kodi nitajua mbele. Paa litafuata, kisha nyaya. Nitapaka rangi nyumba nzima, ndani na nje. Akirudi bwana wa kadi atakuta mapazia yamepigwa pasi na pai mezani. Na yule wa kaunti akipita akaona, akapandisha thamani, apandishe.

Soksi ziko chumbani kwako, juu ya ubao mpya.

Mama yako