Picha za Bima

Ekerenyo, Jumapili

Baba Kemunto,

Sisi tuko salama. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mvua ya mawe ilipiga majani ya chai, lakini yanachipuka tena.

Zile kilo hamsini nilizopunguza hazijarudi. Iliyobaki ni ngozi. Imening'inia tumboni kama blanketi lililolowa, na chini yake kuna vidonda visivyopona. Ndiyo maana kwenye simu nakuonyesha uso tu. Nisamehe.

Daktari anataka kuikata. Watu wa bima walikataa, eti huo ni urembo. Urembo! Waje wachume chai siku moja wakiwa nayo. Sasa wanasema watafikiria tena wakiona picha za vidonda. Kujipiga picha siwezi, maana ngozi yenyewe huinuliwa kwa mikono miwili. Hapa nyumbani niko na mama yako tu, na unajua kwetu mke wa mwana hamfunulii mama mkwe mwili. Nesi alijitolea. Nikamwambia nina mtu wangu, anakuja Desemba kutoka Doha.

Ukifika, usitoe simu haraka. Niangalie kwanza kwa macho yako, halafu ndiyo upige picha.

Ni mimi, yule yule,
Nyanchera