Mlima wa Plasta

Jumatano, Shinyanga. Joto la kuchemsha ubongo. Mawingu yamejaa tangu asubuhi na mvua haitaki kunyesha.

Nimeshinda tena kwenye ghala la pamba, mbele ya ule mtambo. Wamekata kichwa cha lori bovu, wakakiweka sakafuni na usukani wake, pedeli na gia. Mbele kuna skrini. Kando, juu ya meza ndefu, upo mlima wa plasta wenye barabara mpya ya kwenda Geita, ambayo bado haijachongwa, na kamera ndogo inayotembea juu yake na kutoa picha kwenye skrini. Dereva akikanyaga mafuta, kamera inakimbia. Akikosea kona, anaonyeshwa bonde. Mtaalamu mgeni anataka kujua kama kona zimepangwa salama. Mimi, fundi sanifu wa ofisi ya barabara, nawasha, nazima na kuandika matokeo.

Matokeo ni mazuri. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Madereva wote wanateremka kama wako kwenye mtihani wa leseni: gia ndogo, breki kidogo kidogo, mikono miwili kwenye usukani. Bosi anayewaajiri amesimama nyuma, nani atafanya vingine? Barabarani hakuna anayeteremka hivyo. Dizeli ya mgawo haitoshi kwenda Katoro na kurudi, kwa hiyo mlimani wanaweka fri: wanatoa gia na kuliacha lori lishuke kwa uzito wake. Anayekamatwa anafukuzwa kazi siku hiyo hiyo.

Najua kwa sababu nimepanda lori la Mzee Masanja. Ndiye mkuu wa madereva, na ndiye baba wa mke wangu. Alinipa binti yake wakati ng'ombe wangu wa mahari hawajatimia, na hajawahi kunisimanga. Siku ile tulishuka kilima injini imenyamaza, upepo unapiga mluzi dirishani, nami nimebana meno nisitoe neno. Kwetu Usukumani baba mkwe haulizwi maswali, sembuse kurekebishwa.

Leo uvumilivu ulinishinda. Wakati wa chai, wote wakiwa ghalani, nilipanda mwenyewe kwenye kile kichwa cha lori. Nikaweka fri. Kona ya kwanza nikaipita, ya pili nikaipita kwa bahati, ya tatu ikanimwaga bondeni. Skrini nzima ikawa nyeupe kwa plasta.

Mtaalamu akaweka kikombe chini. Akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Nani anaendesha hivi?"

Madereva wakatazama viatu vyao. Mimi nikamtazama mkwe wangu usoni, jambo ambalo si adabu.

"Yaya," akasema Mzee Masanja, akikataa kwa Kisukuma na kutikisa kichwa. "Hapana dereva wa namna hiyo hapa. Mkwe wangu huyu ni mtu wa kalamu, lori halijui. Msamehe bure."

Wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, akaniambia nisiiandike ile safari. Nikacheka na mimi.

Nilijichukia.

Kesho mchoro unapitishwa, kona ya tatu ikiwa vile vile. Leo ingeweza kunyooshwa kwa penseli tu. Ikishachongwa mlimani, basi tena. Nikisema, Mzee Masanja anafukuzwa, na nyumba yake nzima inamtegemea. Nikinyamaza, yeye ndiye atakayeshusha lori la kwanza pale, fri kama kawaida, na pamba imejaa nyuma. Ninayemwokoa na ninayemuumiza ni mtu mmoja. Nimebanwa kote kote.

Jioni yote nimetafuta upenyo. Niseme tu "baadhi ya madereva"? Bosi atataka majina. Nidai mtambo umeharibika? Watautengeneza, na madereva watarudia kuendesha vile vile.

Mke wangu kaniuliza mbona sili. Nikasingizia joto. "Baba kapita hapa," akasema. "Anasema leo umewachekesha sana. Kumbe una utani."

Nitasema. Nimeamua, na uamuzi wenyewe haujanipa nafuu yoyote. Kesho nitamkuta mlangoni mwa ghala kama kawaida yake, nitainama nimwamkie shikamoo, kisha nitaingia ndani kumtaja. Huenda marahaba ya kesho ikawa ya mwisho kuisikia kwake.