Mkeka Uliogeuzwa Mgongo

Jumamosi, baada ya Katoomba

Bado mkeka ule unanikera. Katika nyumba ya tatu ya sanaa tuliyoingia mimi na binti yangu huko Katoomba, mji wa milimani wa huku ugenini, mkeka kama wa kwetu Tanga umetundikwa ukutani, umemulikwa taa, tena umegeuzwa! Mgongo nje, ncha za ukindu zimechomoza. Enzi mama ananifundisha kusuka, ncha zikionekana hivyo angeufumua wote nianze upya.

Nikamfuata dada wa mapokezi nimwambie. Binti yangu akanivuta mkono: "Mum, please. Twende tu."

Tukatoka, lakini kwenye treni nilinung'unika njia nzima.

Nimefika nyumbani nikauvuta mkeka alionipa mama siku ya kuondoka Tanga. Ulikuwa nyuma ya kabati, ndani ya nailoni, haujakaliwa hata mara moja. Wale wa milimani angalau wameonyesha mgongo. Wa kwangu, hata mgongo binti yangu hajauona.