Mama Mkwe Ameacha Kukanda Watu kwa Sababu ya Shingo Yangu

Mpendwa Shangazi Alice, naomba msaada wako, na tafadhali usianze kwa kunicheka.

Mimi ni fundi wa nguo hapa Voi, na tangu msimu wa yunifomu mwezi wa kwanza shingo yangu imekaza hadi mteja akiniita kutoka nyuma nageuka mwili mzima pamoja na kiti, mabega yamepanda karibu na masikio na shati siwezi kuvaa bila mke wangu Kavinya kunisaidia, sasa shida ni kwamba anayejua kukanda misuli kuliko wote huku kwetu ni mama yake Kavinya, anakaa Maungu, watu wanatoka hadi Bura kumfuata na wanarudi wamenyooka, lakini sisi Wakamba mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali, hata mkono hatupeani, sembuse anipake mafuta shingoni.

Basi mama akatafuta njia ya adabu, akamtuma Kavinya na maagizo, kwamba kila jioni niweke taulo ya maji moto mabegani, nijikande mwenyewe taratibu kwa mafuta ya nazi, nizungushe mabega, niinamishe shingo huku na huku bila kulazimisha, na mchana nisimame kila nikimaliza sketi moja. Nilifanya siku mbili. Ya tatu nilichoka nikalala, na Kavinya alipouliza nikasema nimefanya, na sasa ni wiki sita nasema nimefanya, taulo nailowesha maji baridi naianika ili ionekane imetumika, na mafuta nayapaka viatu ili chupa ipungue.

Juzi Kavinya amerudi kutoka Maungu akilia. Mama ameacha kukanda, anarudisha wagonjwa mlangoni. Amemwambia, "Kama nimeshindwa na mtu wa nyumbani kwangu, hawa wengine nimekuwa nikiwadanganya." Na Jumamosi anakuja mwenyewe, mila iwekwe kando, ashike hii shingo aone kilichomshinda. Naomba uniandikie jambo ambalo naweza kumsomea Kavinya, kwamba mila hairuhusu. Mimi ni mtu wa kufuata mila sana.

Mkwe Mwenye Adabu, Voi

Mkwe Mwenye Adabu,

Pole kwa shingo. Kuinamia cherehani kutwa kucha si mchezo, na pole hiyo naitoa kwa moyo. Sina nyingine.

Hukuniuliza habari ya mila. Umetafuta mahali pa kujificha, ukaona mila ina kivuli kizuri. Mama mkwe wako aliiheshimu kuliko wewe, maana alikupa dawa bila kukugusa. Wewe ukavipa viatu. Naamini hakuna viatu laini kama vyako Voi nzima.

Ila kilichonikasirisha si uvivu, wavivu tuko wengi. Mama wa watu ameketi Maungu anaangalia mikono yake na kudhani imeisha nguvu, na kuna mtu ameshuka na mgongo wake kutoka Bura akarudishwa mlangoni, yote kwa sababu wewe unaona haya kusema ulilala. Hiyo ni dhambi, ndugu yangu.

Leo hii, kabla hujakata kitambaa kingine, mwambie Kavinya ukweli wote, mpaka habari ya viatu. Atakasirika, mwache akasirike. Kisha aende Maungu kabla ya Jumamosi, ujumbe upitie kwake jinsi mila yako uipendayo inavyotaka. Jioni chemsha maji, taulo iwe ya moto ya kuvumilika, isikuunguze, na ufanye yote uliyoagizwa Kavinya akiwa ameketi hapo anatazama. Mchana simama kila sketi. Usimwachie kinyozi aizungushe shingo ghafla mpaka ilie, na mkono ukianza kufa ganzi au kukosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo, usinisubiri mimi.

Na shingo ikigeuka, mshonee mama gauni zuri, Kavinya alipeleke. Aambiwe mikono yake iko sawa, ni mgonjwa aliyekuwa mwongo.

Shangazi Alice