Nani Kaacha Mlango Wazi?

Kitasa wetu,

Ni mwaka mmoja sasa tangu chumba chako kiwe kimya, na Mama yako bado hajajua akae wapi. Akiketi kwenye cherehani yake, uzi unakatika. Akienda jikoni, anasahau kilichompeleka. Dirisha analifunga, analifungua, analifunga tena, mpaka Baba anamwambia, "Mama Kitasa, hilo dirisha limekukosea nini?"

Tunajua kinachomsumbua. Gari lolote likipita na muziki umefunguliwa, huenda Mama akasikia sauti yake mwenyewe ikiuliza, "Nani kaacha mlango wazi?" Kisha ngoma zinaingia, gari linakwenda zake, naye anabaki na nguo ya mtu mkononi.

Wasiokujua tuwaeleze. Kila prodyuza ana sahihi yake, maneno machache yanayosikika kabla ya biti kuanza, ili watu wajue kazi ni ya nani na mwizi aone haya. Ya kwako ya kwanza ulijirekodi mwenyewe, ukaipunguza kasi ili usikike kama jitu. Dada yako akakuambia unasikika kama jini mwenye mafua. Ukanuna wiki nzima, lakini uliifuta. Ukajaribu kengele ya saa ya Baba, nayo ikawa inawaamsha watu kwenye viti vyao. Wakati huo watu walikuwa wanachukua biti zako na kuimba juu yake kana kwamba zimeokotwa njiani, nawe ulikuwa unazunguka humu ndani ukiapa kuacha muziki.

Kisha ikaja ile siku. Godoro limesimamishwa ukutani, blanketi dirishani, na Spika, ambaye wakati huo alikuwa rapa tu na hajawa mwenzako wa kazi, anasubiri biti ianze. Mashine yako ilikuwa ya kuungaunga, kila kitu kinaingia kwenye waya mmoja, ukikosea unarudia wimbo wote. Spika alikuja amechelewa na hakuurudisha mlango. Mama akapita koridoni, akauona, akafoka. Sauti yake ikaingia pale pale kwenye ukimya, kabla ngoma hazijaanza, kana kwamba alipewa ishara.

Spika akasema, "Tufute, turudie." Wewe ukasema, "Iache. Hiyo ndiyo sahihi yangu."

Haikuchukua muda mtaa mzima ukawa unauliza. Kipa akifungwa, mashabiki wanauliza nani kaacha mlango wazi. Mwalimu akichelewa kuingia darasani, watoto wanamuuliza kwa pamoja, na hajui amwadhibu nani. Mshereheshaji wa harusi hawezi kuwaingiza maharusi mpaka aseme hivyo. Fundi seremala wa kona ile akaiandika ukutani kwake kwa rangi nyekundu, na hata salamu hakukuletea. Na maprodyuza wenzako, hawa ndio walituchekesha: kila studio ikaanza kutafuta mama mkali. Mmoja alimrekodi mama mkwe wake, na tunasikia mpaka leo hawaelewani.

Wewe ukapewa jina la Kitasa, na jina lako la nyumbani likabaki kwenye vyeti. Mama alijifanya amekasirika. Alikuwa akisema, "Mwanangu kanifanya kioja." Lakini tulimwona, akienda dukani kununua sukari anajipaka wanja kwanza, maana watoto wa dukani watamwomba aseme, na yeye atakataa kidogo halafu aseme.

Ulikuwa mtu wa kujitolea hadi unakera. Ulimtengenezea biti kijana asiye na kitu na kumwambia atakulipa akiwa mkubwa. Ulitengeneza redio za majirani zote, zikabaki na skrubu moja nje. Chai ulikunywa ikiwa imepoa, kwa sababu kila mara "nakuja" yako ilikuwa ndefu. Kifua kilikusumbua tangu utoto, ukawa unakificha kwa mizaha. Mwaka jana kilikataa mizaha.

Tangu hapo Mama hatulii. Majirani walimfariji kwa ule msemo wa mchelea mwana kulia, kwamba alikulea vizuri kwa kukukanya. Aliwajibu, "Mimi sikumchelea. Mbona nalia?"

Spika alipokuja kumwambia kwamba nyimbo ulizoziacha ziko tayari, na kwamba angependa zitoke kwenye kumbukumbu hii, Mama alikunja kitambaa, akakikunjua, akasema, "Zitoeni. Ila mimi nitoeni humo."

"Mama, bila sauti yako nani atajua kuwa ni za Kitasa?"

"Spika, baba, dunia nzima inanijua kwa jambo moja, kumfokea mwanangu. Yeye hayupo, mimi bado namfokea kila kona. Nimechoka."

Baba alijaribu kumtetea Spika, akaangaliwa jicho moja tu, akakumbuka ana shughuli nje. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Mama atarekodi maneno mengine, ya upole, yawe ndiyo sahihi yako mpya. Alitufukuza wote jikoni ili ayatunge.

Basi akaingia chumbani kwako. Tuliogopa, maana tangu mazishi alikuwa anakipita kwa haraka kama anayedaiwa. Godoro bado liko pale pale. Spika akamsogezea maikrofoni. Mama akasafisha koo, akasema, "Mwanangu mpendwa, sisi sote tunakupenda."

"Mama," dada yako akasema, "unasoma taarifa ya habari."

Akarudia. Akarudia tena, akaketi, akasimama, akavua miwani. Kila akisema neno la upole linatoka limevaa tai. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Hata hili siwezi kumfanyia," akasema. "Mtu gani asiyejua kuongea na mwanawe."

Wakati huo Baba akaja na chai, ameshika sinia kwa mikono yote miwili, akausukuma mlango kwa goti na kuuacha hivyo hivyo. Upepo wa koridoni ukaingia.

"Nani kaacha mlango wazi?" Mama akafoka. "Mtoto anaumwa kifua!"

Baba alisimama na sinia lake. Mama akaushika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Hakuna mtoto chumbani humo aliyekuwa anaumwa kifua.

Spika ndiye aliyeanza kuongea, na alikuwa analia waziwazi. "Mama, hata siku ile ulimalizia hivyo hivyo. Mimi nilikuwepo. Yeye ndiye aliyekata. Aliniambia hawezi kuitwa mtoto mbele ya marapa."

Mama akamtazama sana. "Nilisema hivyo? Siku ile?"

"Ulisema. Na mlango nilikuwa nimeuacha mimi."

Mama aliketi kwenye kiti chako. Alicheka, Kitasa. Ni mara ya kwanza mwaka huu. Alisema kumbe hakuwa anakufokea wewe, alikuwa anaufokea upepo, na wewe mjinga ukaficha nusu ya maneno yake miaka yote hiyo kwa ajili ya heshima ya mtaani. Kisha akainywa ile chai kwa niaba yako, ikiwa moto.

Kwa hiyo utuwie radhi. Nyimbo zako zinatoka leo, na zote zinaanza na sentensi nzima. Marapa wote watakusikia ukiitwa mtoto, na tunajua watoto wa shule watapata neno jipya kabla ya Jumatatu.

Unakumbukwa na Baba yako, ambaye sasa anafunga milango kwa adabu, Mama yako, dada yako aliyekuita jini mwenye mafua, shangazi zako, wapwa wako, na Spika, ndugu yako asiye wa damu.

Hatutaacha kukukumbuka. Pumzika, mtoto. Mlango tumeufunga.